Deraya ya pete: kazi ya mkono inayoanzia kwenye kipimo

Shati la pete za chuma lilikuwa vazi la vita barani Ulaya, Asia na Afrika kwa zaidi ya miaka 2,000. Siku hizi husukwa nyumbani na wapenzi wa historia, waigizaji na watu wanaofurahia kazi za mikono. Kazi hiyo haihitaji tanuri wala nyundo ya mhunzi. Anayeanza huhitaji waya, makoleo mawili na subira ya miezi kadhaa. Hata hivyo, mashati mengi huharibika kabla hata pete ya kwanza haijafungwa, kwa sababu mtengenezaji hakuzingatia kipimo.

Vazi lenye historia ndefu

Kiswahili kinalo jina la vazi hili: deraya. Wasomaji wa Biblia wanakutana na neno dirii, ambalo ni la asili hiyohiyo. Katika Qurani, Sura ya 34 inamtaja Nabii Daudi kuwa ndiye aliyelainishiwa chuma ili atengeneze deraya, na akaagizwa kupima vyema pete zake. Fundi yeyote wa leo angeanza na agizo hilohilo.

Wanaakiolojia wamepata deraya za kale kabisa katika makaburi ya Waselti barani Ulaya, za karne ya tatu kabla ya Kristo. Warumi waliichukua kwao na kuisambaza katika himaya yao. Barani Afrika, wapanda farasi wa Bornu, Darfur na maeneo mengine ya Sudan waliendelea kuivaa hadi mwishoni mwa karne ya 19, wakati bunduki zilikuwa zimekwisha kuiondolea thamani yake vitani.

Namna ya kuisuka haikubadilika sana. Katika msuko ulioenea zaidi, kila pete hupita ndani ya pete nyingine nne. Kinachopatikana ni kitambaa cha chuma kinachokunjika na kufuata umbo la mwili.

Kipimo kinachoamua kila kitu

Pete ina vipimo viwili: unene wa waya na upana wa tundu lake la ndani. Ukigawanya upana wa ndani kwa unene wa waya, unapata uwiano wa pete. Kwa msuko wa pete nne, uwiano wa 5 humfaa anayeanza. Ukishuka na kukaribia 3, pete hubanana na kitambaa kuwa kigumu kama ubao. Ukizidi 6, kitambaa hulegea, na pete huonekana kubwa na tupu.

Mfano unaotumiwa na wengi ni waya wa milimita 1.6 wenye pete za milimita 8 kwa ndani. Waya wa uzio uliopakwa zinki hufaa, kwa kuwa una ugumu wa kutosha na haushiki kutu upesi. Waya mweusi wa kufungia nondo haufai. Ni laini mno, na pete zake hufunguka kwa uzito wa shati lenyewe. Alumini ni nyepesi, ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma, nayo inamfaa mwigizaji atakayesimama jukwaani kwa saa nyingi.

Kutengeneza pete

Waya huzungushwa kwenye chuma duara chenye unene wa milimita 8, kisicho na mabonde, hadi ufanane na springi ndefu. Mafundi wengi hukipitisha chuma hicho katika matundu ya mbao mbili zilizosimamishwa, kisha hukipinda ncha moja ili kiwe mpini wa kuzungushia. Mizunguko inapaswa kugusana. Waya ukiachiwa hutanuka kidogo, kwa hiyo ni busara kutengeneza pete chache za majaribio kabla ya kumaliza bunda zima.

Baada ya hapo springi hukatwa kwa koleo la kukatia waya, mzunguko mmoja baada ya mwingine, katika mstari mmoja ulionyooka. Vipande vya chuma huruka wakati wa kukata, na miwani ya kujikinga ni ya lazima.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Wapo wanaotaka kuchoma waya ili kuondoa zinki au kulainisha chuma. Moshi wa zinki iliyochomwa huleta homa, baridi na maumivu ya kifua. Waya wa aina hiyo usiwekwe motoni kabisa.

Kusuka

Kazi huanza na pete tano. Nne hufungwa kabisa, kisha ya tano huingizwa ndani ya zote nne na kufungwa. Zikilazwa mezani, mbili hukaa upande mmoja na mbili upande wa pili. Mafungu kama hayo yakiunganishwa hufanya ukanda, na kanda zikiunganishwa hufanya kitambaa. Pete za mstari mmoja zote huinama upande uleule, na za mstari unaofuata huinama upande wa pili. Macho yakishazoea mpangilio huo, kosa huonekana mara moja.

Pete hufunguliwa kwa kusogeza ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ikivutwa kwa kutanuliwa, hupoteza uduara wake na haiurudii tena. Wakati wa kufunga, ncha zipitishwe kidogo kuliko panapotakiwa, kwa sababu waya hurudi nyuma. Kipimo cha pete iliyofungwa vizuri ni kipande cha kitambaa laini: kipitishe juu yake, nacho kisinase popote.

Kutoka kitambaa hadi shati

Kabla ya kukata waya wote, ni vyema kusuka kipande cha sentimita 10 kwa 10, kuhesabu pete zake na kukipima uzito. Hesabu hiyo ikizidishwa kwa ukubwa wa shati, mtengenezaji atajua mapema gharama na mzigo unaomsubiri.

Kwa vipimo vilivyotajwa, pete moja hutumia karibu sentimita 3 za waya na huwa na uzito usiofika nusu gramu. Shati la mikono mifupi lenye pete 20,000 litahitaji takriban mita 600 za waya, na uzito wake utakaribia kilo 9.5. Kila pete ikichukua sekunde 15 kufungwa, kusuka peke yake kutachukua zaidi ya saa 80. Anayefanya kazi saa moja kila siku atamaliza baada ya karibu miezi mitatu, bila kuhesabu muda wa kuzungusha na kukata.

Umbo rahisi zaidi ni vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, vilivyounganishwa kwa kanda mbili za mabegani na kuachwa nafasi ya shingo. Mikono huongezwa kutoka mabegani. Kifua kipimwe mtu akiwa amevaa vazi la ndani, kisha iongezwe nafasi ya kutosha kuvaa na kuvua shati kwa kupitia kichwani. Mahali panapoleta usumbufu zaidi ni kwapani. Palipobana, shati zima hupanda juu kila mvaaji anapoinua mkono.

Mwelekeo wa msuko nao una maana. Kitambaa hiki hutanuka zaidi upande mmoja. Mistari ya pete ikizunguka mwili kwa ulalo, shati hutanuka mvaaji anapopumua na hurudi kwa uzito wake. Ikisimama wima, uzito hulivuta shati chini na kulifanya libane kifuani. Jaribio la kukishika kipande kwa ncha na kukiacha kining'inie, kisha kukigeuza, huonyesha tofauti hiyo kwa dakika moja.

Chini ya deraya huvaliwa vazi nene la pamba lililoshonwa kwa tabaka. Wapiganaji wa Sudan walitumia pia mavazi yaliyojazwa sufi. Mkanda kiunoni huhamisha sehemu ya uzito kutoka mabegani hadi kwenye nyonga, na mvaaji huihisi nafuu hiyo papo hapo.

Isichoweza kufanya

Jambo hili lisemwe bila kuficha. Shati lililofungwa kwa koleo si kinga. Deraya za vitani zilikuwa na pete zilizopigwa ribiti, mara nyingi zikichanganywa na pete zisizo na kiungo kabisa. Pete ambayo ncha zake zimegusanishwa tu hufunguka inaposukumwa na ncha ya kisu, na deraya ya aina yoyote haizuii risasi ya leo. Mlinzi wa usiku au msafiri asiitegemee kulinda uhai wake.

Msuko huu bado unalinda watu, ila kwa ufundi mwingine. Glavu za wakata nyama hutengenezwa kwa pete ndogo za chuma kisichoshika kutu, kila moja ikiwa imechomelewa, na baadhi ya wapiga mbizi huvaa suti za namna hiyo dhidi ya meno ya papa.

Shati likimalizika, lihifadhiwe pakavu na kupakwa mafuta kidogo, hasa katika maeneo ya pwani yenye hewa ya chumvi. Likishika kutu, ipo njia ya kale inayofanya kazi hadi leo: litiwe ndani ya pipa lenye mchanga mkavu, pipa lifungwe na kubingirishwa. Pete husuguana zenyewe kwa zenyewe na kutakata.