Mama, Thetford na zile kura 630

Kwenye kipindi kilichopita tulibishana sana: kuna maana gani kupiga kura kwenye jimbo ambalo mshindi wake anajulikana hata kabla vituo havijafunguliwa? Nikaahidi kuandika kuhusu jimbo nililokulia, South West Norfolk. Ni mashamba tu, shayiri na viazi mpaka macho yanachoka, na katikati yake miji midogo kama Thetford, Swaffham na Downham Market.

Mama ametoka Tanga, na hajawahi kuiacha pasi yake ya Tanzania. Miaka yote nikikua, uchaguzi ukifika alikuwa anafunga mlango anaendelea kupika. "Hapa pana wenyewe, mwanangu. Mimi niende kufanya nini?"

Nami nikakua nikiamini hivyo hivyo. Kumbe tulikosea mara mbili.

Kwanza ni sheria. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kumchagua mbunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, wote. Wareno waliojaa pale Thetford, majirani zetu kabisa, hawana ruhusa hiyo. Mama alikuwa nayo miaka yote, imekaa tu kama kanga isiyofunguliwa kabatini.

Pili ni historia. Mwaka 1945 jimbo hili lilichukuliwa na Labour. Sidney Dye alishinda kwa kura 53. Hamsini na tatu! Watu wa daladala mbili wakibadili mawazo, anarudi nyumbani. Akapoteza kiti 1951, akakirudisha 1955, na alipofariki akafuatiwa na Albert Hilton, mtu wa chama cha wafanyakazi wa mashambani. Hapo ndipo siri ilipo: Norfolk ilikuwa na vibarua wengi wa shamba, na walikuwa na chama chao. Wengi walilala kwenye nyumba za mwajiri, ukifukuzwa kazi na nyumba unatoka, na bado walikwenda kuwapa kura wapinzani wa mwajiri. Si mchezo.

Halafu trekta na mashine za kuvunia zikachukua kazi, vibarua wakapungua. Mwaka 1964 Paul Hawkins wa Conservative akashinda kwa tofauti isiyofika kura 200, na kiti hakikutoka kwenye chama hicho kwa miaka 60. Hiyo "hapa pana wenyewe" ya Mama ilianzia hapo, si enzi za Nuhu. (Na Thetford hiyo hiyo mwaka 1904 ilimchagua daktari mweusi kutoka Bahamas, Allan Minns, kuwa meya. Shuleni hakuna aliyenitajia.)

Mwaka 2019 Liz Truss alipata kura 35,507 na kumwacha wa pili kwa 26,195. Baadaye akawa Waziri Mkuu kwa siku 49, mnakumbuka riba za nyumba zilivyopanda. Uchaguzi wa Julai 2024 akapata 11,217. Terry Jermy wa Labour, mtoto wa Thetford, akapata 11,847. Tofauti 630. Tuseme ukweli, Labour haikupanda sana. Kilichotokea ni kwamba mgombea wa Reform alibeba 9,958 na mgombea binafsi, James Bagge, akabeba 6,282. Ngome iligawanywa na watu wa ndani.

Mama alipiga kura siku ile, mara yake ya kwanza. Siku hizi lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasi ya nchi ya Madola inakubalika. Karani akaifungua pasi, akamtazama, akatazama picha, akampa karatasi. Asubuhi yake akanipigia simu kabla sijaamka.

"Mia sita na ngapi, umesema?"

Hajaniambia alimpa nani. Sijauliza.