GAZETI LA NDANI YA NDEGE: BURE KWA ABIRIA, JASHO LA NANI?



Hapa Rugaaga ndege tunaziona zikipita juu tu. Lakini jirani zetu wengi wa kambi ya Nakivale wamepelekwa Entebbe, wakapanda ndege kwenda kuanza maisha Marekani, Kanada na kwingineko. Mbele ya kiti abiria hukuta gazeti zuri, lenye picha za rangi. Huambiwa ni la bure. Tulichunguze.

East African Airways ilianza kazi mwaka 1946, ikafa 1977, na wafanyakazi wake wakatawanyika. Mwaka huohuo ikaundwa Kenya Airways, na gazeti lake likapewa jina Msafiri. Precision Air ya Tanzania waliliita la kwao Paa, jina la mnyama na tena ndilo tendo la kuruka. Uganda Airlines iliundwa 1976, ikafungwa 2001, ikarudi angani Agosti 2019. Gazeti lake ni Ng'aali, yule ndege wa bendera yetu. Majina ni yetu, lakini habari nyingi ndani ni za Kiingereza.

Gazeti la Ethiopian Airlines, Selamta, lilichapishwa miaka mingi na kampuni ya Camerapix ya Nairobi. Mkuu wake, mpiga picha Mohamed Amin, na mwandishi Brian Tetley walikufa tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya shirika hilohilo ilipotekwa ikaangukia baharini huko Komoro. Watu 125 walipoteza maisha. Hao wawili walikuwa wafanyakazi kama sisi, safarini.

Basi nani hulipa? Hulipa mahoteli, mabenki na wenye maduka, kwa matangazo yao. Tangazo likiondoka, gazeti hufa. Korona ilipoingia mwaka 2020, mashirika mengi yaliondoa karatasi ndegeni. American Way la Marekani, lililoanza 1966, lilisimama 2021. Mengine yamehamia kwenye simu.

Karatasi ikiondoka, mchapaji, mfunga vitabu na dereva wa mzigo hupungukiwa kazi. Msafishaji anayepanga magazeti kila kiti hatajwi hata ukurasa mmoja.

Ndugu, ukiambiwa kitu ni cha bure, uliza ni nani aliyekifanyia kazi na amelipwa kiasi gani. Swali hilo lifae gazeti la ndegeni, lifae na gunia la mahindi linalopakiwa hapa Rugaaga kwenda Mbarara.

Umoja ni nguvu.