Je, Wajua Gesi ya Kiyoyozi Haiishi?

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje, basi. Pita nyuma ya ghorofa yoyote ya Kariakoo saa nane mchana, pale mashine za nje zilipopangana ukutani, usikie upepo wake unavyochoma. Hilo ni joto la vyumbani, limeongezewa na joto la umeme uliotumika kulihamisha. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kinahamisha joto la wati 2,600 hivi kwa umeme wa wati 800 au 900 tu, na ndiyo sababu mashine hii ni ya ajabu kuliko inavyodhaniwa.

Mbebaji wa joto hilo ni gesi inayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa. R-32, gesi ya viyoyozi vingi vipya, huchemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri ikiwa katika shinikizo la kawaida la hewa. Ndani ya mashine shinikizo hupangwa ili ichemke kwenye nyuzi chache juu ya sifuri, nayo inapochemka inafyonza joto la hewa ya chumba. Kompresa iliyo nje inainyonya na kuikandamiza mpaka iwe moto kuliko hewa ya huko nje, feni inaipuliza, joto linatoka, gesi inarudi kuwa kimiminika, kisha mzunguko unaanza upya.

Asili yake haikuwa starehe. Mwaka 1902 kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kilikuwa kikisumbuliwa na karatasi zilizokuwa zikivimba na kusinyaa kwa unyevu, rangi zikawa hazikai mahali pake. Mhandisi Willis Carrier, kijana wa miaka 25, akabuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili maji yaliyomo yageuke matone juu ya mabomba na kudondoka. Shida ilikuwa unyevu.

Na kwa mtu wa pwani, unyevu ni nusu ya shida hata leo. Chukua chumba cha kulala cha mita 4 kwa 3.5, dari ikiwa mita 2.7. Joto likiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, hewa ya chumba hicho imebeba maji zaidi ya robo tatu ya lita. Kila mlango unapofunguliwa yanaingia mengine. Maji unayoyaona yakitiririka kwenye mpira wa nje ndiyo hayo, na kiyoyozi kisichodondosha maji siku ya joto la Machi mjini Mombasa kina kasoro.

Hapo ndipo unapoonekana ubaya wa kununua mashine kubwa kupita kiasi, kosa ambalo wengi hulifanya wakidhani wanajipendelea. Kiyoyozi cha BTU 18,000 kwenye chumba kidogo kinashusha joto upesi, kinazima, kinawaka tena baada ya muda mfupi, kinazima. Maji hayapati muda wa kugeuka matone na kutoka. Unabaki na chumba baridi chenye majimaji, shuka zinakuwa nzito na ukungu unaota nyuma ya kabati. Kompresa nayo inachoka kwa kuwaka na kuzima. Mashine za inveta, ambazo hupunguza mwendo badala ya kuzima, zinavumilia kosa hili zaidi, ila hazilifuti.

Hesabu ya kuanzia katika nchi zetu za joto ni BTU 600 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba chetu kina mita 14 za mraba, kwa hiyo 8,400, na mashine ya 9,000 inatosha. Sebule ya mita 30 inahitaji 18,000. Kisha tazama nyumba yenyewe. Je, chumba kiko chini ya bati bila dari nzito? Dirisha linatazama magharibi? Watu zaidi ya wawili hukaa humo, na kila mmoja wa ziada anadai BTU 600 hivi? Kuna jokofu ndani, ambalo nalo hutupa joto lake humo humo? Chumba kile kile cha mita 14 kikiwa chini ya bati na jua la jioni, ningeweka 12,000 bila kusita. Ila kabla ya kulipia mashine kubwa, weka dari na pazia zito. Gharama yake unailipa mara moja, umeme unaulipa kila mwezi.

Rimoti nayo ina imani zake. Kuweka nyuzi 16 hakuharakishi ubaridi kwenye mashine ya kawaida. Kompresa ina mwendo mmoja tu, nayo itaendelea kuunguruma usiku kucha ikitafuta nyuzi ambazo chumba hakitafika. Weka 25, washa feni ya dari, utalala vizuri na uniti zitadumu.

Tuje kwenye matunzo, maana hapa ndipo viyoyozi vingi vinapokufa. Fungua mfuniko wa mbele wa mashine ya ndani. Utaona nyavu mbili nyembamba za plastiki: hayo ndiyo machujio. Yachomoe, yaoshe kwa maji na sabuni kidogo, yakauke kivulini, yarudishe. Fanya hivyo kila wiki mbili kama nyumba iko kando ya barabara ya vumbi, kila mwezi kama sivyo. Hahitajiki fundi. Chujio likiziba, hewa haipiti ya kutosha juu ya mabomba, mabomba yanashuka chini ya sifuri, barafu inajijenga, na baridi inakatika kabisa huku mashine ikiwaka. Ukiiona barafu hiyo, zima ubaridi, acha feni peke yake ipulize mpaka iyeyuke. Usiikwangue kwa kisu hata siku moja. Bomba likitoboka umeua mashine.

Maji yakidondoka ndani ya chumba, mara nyingi mpira wa kutolea maji umeziba kwa utelezi na vumbi, au mashine ilifungwa bila mteremko. Mashine ya nje nayo inataka kupumua. Ukiizungushia ukuta ili wezi wasiifikie, au ukianika nguo mbele yake, inavuta joto lake yenyewe, shinikizo linapanda na kompresa inazima. Walio karibu na bahari, Nyali, Msasani au Mji Mkongwe, wana adui wa pili: chumvi, inayokula mapezi ya aluminiamu mpaka yavunjike ukiyagusa. Zima breka, uyasuuze kwa maji baridi ya mpira wa bustani, taratibu. Pampu ya kuoshea magari inayalaza mapezi na kuziba njia ya hewa.

Umeme ukikatika na kurudi, kompresa inahitaji kama dakika tatu shinikizo lisawazike kabla ya kuwaka. Kifaa cha kulinda AC kinachochelewesha umeme ni cha bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa iliyoungua.

Sasa gesi. Mazungumzo haya yanasikika kila msimu wa joto.

“Mama, gesi imeisha. Tujaze?”

“Si ulijaza mwaka jana, fundi?”

“Ndiyo mama, lakini inaisha kadiri inavyotumika.”

Haiishi. Haichomwi kama mafuta ya gari wala haigeuki kitu kingine. Inazunguka ndani ya bomba lililofungwa, na ile iliyowekwa kiwandani inaweza kutumika mpaka mashine ichakae. Ikipungua, ina mahali inapotokea, na mara nyingi ni kwenye nati za maungio, ambako povu la sabuni huonyesha mapovu yakipuliza. Kazi ya fundi mzuri ni kuziba tundu, kunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, kisha kujaza gesi kwa kuipima kwenye mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibati cha mashine. R-32 inaweza kushika moto, kwa hiyo isilehemewe ikiwa bado bombani.

Inayovuja haipotei bure pia. R-22 ya viyoyozi vya zamani inakula tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ndio ulioanza kuziondoa gesi zinazokula ozoni. R-410A haili ozoni, lakini kilo moja yake inapasha dunia joto kama kilo 2,000 hivi za kaboni dioksidi. R-32 ni kama kilo 675. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza gesi hizi hatua kwa hatua, na makubaliano hayo yakaanza kutumika 2019.

Kwa hiyo ukiambiwa gesi imeisha, omba uonyeshwe inapovuja kabla hujatoa hela. Fundi anayeijua kazi yake hatakasirika. Ataomba sabuni na beseni la maji.