COCCINELLE HAIFI KWA UZEE
Namna ya kulinda moteri ya motokari ya zamani nyumbani



Mara mingi tunasikia mtu anasema juu ya motokari ya zamani: « Hii imekwisha kuzeeka, acha ife. » Lakini chuma hakizeeki kama mtu. Motokari mingi za zamani zinakufa juu ya kazi ndogo ambazo mwenyewe hakuzifanya kwa wakati wake. Leo tutafasiria jambo hili kwa motokari moja ambayo wazazi wetu wanaijua sana, ni Volkswagen Coccinelle.

Motokari gani hii?

Coccinelle kwa Kifaransa ni jina la mdudu mdogo wa mviringo mwenye madoa. Motokari hii ilitungwa na Ferdinand Porsche katika Ujerumani, miaka ya 1930. Nyuma ya vita iliyokwisha mwaka 1945, ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza, jina lake Ivan Hirst, ndiye alisimamisha tena kazi ya kiwanda cha Wolfsburg. Tarehe 17 Februari 1972 ikatoka Coccinelle ya 15.007.034, na hapo ikapita hesabu ya Ford Model T ya Marekani. Ya mwisho kabisa ilitoka katika kiwanda cha Puebla, inchi ya Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Hesabu yote ni 21.529.464.

Basi kila Coccinelle inayotembea leo ni mzee. Hata vile, inaweza kutengenezwa nyumbani, kwa sababu moteri yake iko rahisi na vipande vyake mingi vinaendelea kutengenezwa na viwanda vingine. Mwaka 1969 John Muir, mtu wa Marekani, alitoa kitabu kizima cha kufundisha watu wasio mafundi kutengeneza Volkswagen yao wenyewe. Mtu mwenye akili ya kupima na moyo wa kungoja anaweza kujifunza.

Moteri isiyo na maji

Ndani ya moteri, esanse na hewa vinawaka mara mingi kwa kila dakika. Joto lake ni kali. Katika motokari mingi maji ya radiatere yanabeba joto lile. Coccinelle haina maji hata kikombe kimoja. Ni nini basi inapoza moteri? Ni vitu viwili, upepo na mafuta.

Moteri iko nyuma ya motokari. Ina silindre nne zilizolala, mbili kuume na mbili kushoto. Kila silindre imezungukwa na mapezi membamba ya chuma, kama mapezi ya samaki. Wanafunzi wa fizika watakumbuka: kitu chenye uso mkubwa kinatosha joto mbio kuliko kitu chenye uso mdogo. Ndiyo kazi ya mapezi yale. Puli ya moteri inavuta kurua (mkanda wa mpira), kurua inazungusha dinamo, na kwenye mwisho wa dinamo kunafungwa vantilatere. Vantilatere inasukuma upepo ndani ya manjanja yanayofunika silindre, upepo unapita katikati ya mapezi, na unatoka chini ukiwa wa moto.

Mafuta nayo ni litre 2,5 tu. Yanalainisha vyuma, na tena yanabeba joto mpaka kwenye radiatere ndogo ya mafuta inayopigwa na upepo ule ule. Anayelinda upepo na mafuta, analinda moteri. Tuone sasa kazi moja moja.

1. Kulinda upepo

Kwanza kurua. Zima moteri, kisha sukuma kurua kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Inapashwa kuinama karibu milimetre 15. Ikiinama zaidi, inateleza. Ili kuikaza, tia turnevisi kwenye tundu la puli ya dinamo ili isizunguke, fungua ekru kwa kle 21, tosha nusu ya puli. Utaona rondele nyembamba katikati ya nusu zile mbili. Tosha rondele moja, uitie nje chini ya ekru, ili isipotee. Kisha funga na upime tena. Kama rondele zote zimetoka katikati na kurua ingali inalegea, hiyo imekwisha, nunua ingine.

Taa nyekundu ya dinamo ikiwaka wakati unatembea, usiseme « nitafika tu ». Pengine kurua imekatika, na bila kurua hakuna upepo. Simama pale pale.

Ya pili ni manjanja. Kuna watu wanaotosha manjanja ya moteri wakifikiri kwamba moteri itapata hewa zaidi. Wanajidanganya. Bila manjanja upepo unatawanyika pahali pote na haupiti kwenye mapezi. Vilevile mpira unaozunguka moteri una kazi yake: unatenga hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini. Mpira ukikosa, vantilatere inavuta hewa ile ya moto na kuirudisha kwenye silindre.

Usiache kitambaa ao karatasi ndani ya chumba cha moteri, vantilatere itavimeza. Na kama motokari imesimama myezi mingi, tafuta kwanza kiota cha panya ao cha nyigu mbele ya kutia moto.

2. Kulinda mafuta

Moteri hii haina filtre ya karatasi kwa mafuta. Iko tu na kichujio cha waya chini yake, ambacho hakishiki uchafu mdogo. Kwa hiyo mafuta yenyewe yanapashwa kubadirishwa upesi: kila km 5.000, na mbele ya hapo kama barabara ni za vumbi. Kwa inchi za joto, SAE 30 ni mafuta yanayofaa.

Badirisha mafuta wakati moteri ina joto, ili uchafu utoke pamoja nayo. Chini utaona kisahani chenye ekru ndogo sita za kle 10. Tosha kisahani na kichujio, osha kwa esanse nje ya nyumba, mbali na moto, kisha tia karatasi mpya za kuziba. Wakati wa kukaza, kumbuka kwamba mwili wa moteri hii ni wa magnesium, chuma chepesi na laini. Tumia kle fupi na mkono mmoja. Mtu anayekaza kwa nguvu yote ataharibu meno ya buloni, na kazi ya nusu saa itakuwa kazi ya juma nzima.

Tusisahau filtre ya hewa. Kwa Coccinelle mingi filtre hii ni bakuli lenye mafuta. Vumbi linaanguka ndani na kubakia pale. Katika wakati wa kiangazi uiangalie mara kwa mara. Ukiona matope chini ya bakuli, safisha, tia mafuta mapya mpaka kwenye alama. Vumbi linaloingia katika silindre linakula chuma kama msasa.

3. Supape: jambo ambalo watu mingi hawajui

Supape ni mlango. Kila silindre iko na mbili: moja inaingiza hewa na esanse, ingine inatosha moshi. Ile ya moshi inapitiwa na moto mkali. Inapoa wakati gani? Ni wakati inapofunga na kukaa vizuri kwenye kiti chake, hapo joto lake linapita katika chuma cha kichwa cha silindre.

Sasa, katikati ya supape na chuma kinachoisukuma, kunapashwa kubakia nafasi ndogo. Kwa moteri mingi za 1200 mpaka 1600 nafasi hiyo ni milimetre 0,15, moteri ikiwa baridi kabisa, kama vile asubuhi. (Moteri za zamani zaidi zina hesabu ingine, tazama kitabu chake.) Nafasi ikikwisha, supape haifungi vizuri. Haikai kwenye kiti, haipoi, moto unapita pembeni yake na kuiunguza. Pengine shingo yake inavutika mpaka inakatika, na kichwa chake kinaangukia pistoni. Siku hiyo moteri imekufa.

Nafasi ikiwa kubwa kupita kiasi, utasikia tik-tik-tik. Mtu anakasirika na kelele, anakaza mpaka moteri inanyamaza, anafurahi. Ni hatari! Supape yenye kelele inasumbua masikio, lakini supape yenye kunyamaza inaweza kuua moteri. Usipime kwa masikio, pima kwa kale (vipande vyembamba vya chuma vyenye hesabu).

Kazi inafanyika hivi:

a) Tosha kifuniko cha delko. Zungusha puli mpaka alama yake ilingane na mstari pahali nusu mbili za moteri zinakutana, na kidole cha delko kielekee alama ndogo kwenye mdomo wa delko. Hapo silindre 1 iko tayari. Ni ile ya kuume, upande wa mbele wa motokari.

b) Fungua waya unaoshika kifuniko cha supape. Ingiza kale ya 0,15. Inapashwa kupita kwa shida kidogo. Kama haipiti ao inapita bure, legeza ekru kwa kle 13, zungusha visi kwa turnevisi, kaza tena. Kisha pima mara ya pili, kwa sababu visi inapenda kuzunguka wakati wa kukaza.

c) Rudisha puli nyuma nusu ya mzunguko, kinyume cha saa. Sasa ni silindre 2, kuume upande wa nyuma. Nusu ingine nyuma, silindre 3, kushoto mbele. Nusu ingine tena, silindre 4, kushoto nyuma.

Andika katika daftari kila hesabu uliyokuta mbele ya kurekebisha. Kama supape moja inapoteza nafasi yake kila mara, inakupa habari: shingo yake inavutika ao kiti chake kinalika. Fungua kichwa cha silindre mbele haijakatika. Kwa moteri za miaka ya 1960, angalia zaidi silindre 3, kwa sababu radiatere ya mafuta ilisimama katika njia ya upepo wake.

4. Kulinda mwenyewe

Moteri inanunuliwa, mtu hanunuliwi. Basi shikeni haya:

– Usiingie kamwe chini ya motokari inayosimama kwa kriki peke yake. Tia miti minene ao vishikizo vya chuma, na zuia magurudumu kwa mawe.
– Tiyo za mpira za esanse zinapasuka kwa uzee. Esanse ikidondoka juu ya moteri ya moto, motokari nzima inateketea. Mpira unaoonyesha mistari, badirisha leo, si kesho.
– Batri iko chini ya kiti cha nyuma. Inapashwa kuwa na kifuniko, kwa sababu chuma za kiti zikigusa batri wakati mtu mzito anaketi, moto unaweza kuwaka.
– Coccinelle za zamani ziko na njia moja tu ya mafuta ya freni: tiyo moja ikipasuka, freni zote zinapotea. Na usitie kamwe mafuta ya moteri ndani ya freni, yanaharibu mipira yake. Kazi ya freni, kama hujaijua, mwite fundi.

Kwa kifupi

Kila juma: mafuta, kurua, harufu ya esanse.
Kila km 5.000: mafuta mapya, kichujio, supape, buji.
Kila mwaka: tiyo zote za esanse na za freni, mpira unaozunguka moteri.

Hesabu kwa wanafunzi: Mtu anatembea km 15.000 kwa mwaka na anabadirisha mafuta kila km 5.000, litre 2,5 kila mara. Anahitaji litre ngapi? Kisha aulize sokoni bei ya litre moja, na bei ya silindre nne na pistoni zake. Alinganishe. Jibu hilo litamfundisha kuliko sisi.