Kufufua injini ya turbo bila kumaliza akiba

DEREVA aliyezoea kupanda kutoka Nakuru kuelekea Timboroa huzitambua dalili mapema. Akipita Salgaa gari linakosa nguvu, moshi wa buluu unatanda nyuma, na afikapo Mau Summit oili imepungua. Arejeapo mjini, huambiwa na wengi kwamba turbo imekufa na hana budi kununua nyingine. Ushauri huo ni ghali, na aghalabu si kamili.

Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi utokao katika injini huizungusha feni ya kwanza, nayo ya pili husukuma hewa ndani ya silinda. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachouzuia usiungue ni utando mwembamba wa oili ya injini yenyewe. Ikumbukwe kwamba Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Timboroa imepita mita 2,700. Hewa ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 20, hivyo turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuliziba pengo hilo.

Kwa hiyo turbo inapokufa, mara nyingi ni oili iliyoanza kuiangusha. Mathalan, baadhi ya injini za Subaru zina kichujio kidogo kilichofichwa ndani ya boliti ya mfereji upelekao oili kwenye turbo. Oili isipobadilishwa kwa wakati, masizi hukiziba. Atakayefunga turbo mpya bila kukisafisha atakuwa ameitia katika kaburi la mwenziwe.

Kwa mwenye teksi au gari la abiria, kila siku gari linapolala gerejini ni hasara, na mkopo hausubiri. Ndiyo maana wengi huvutiwa na injini kuukuu iliyotoka Japani, ambayo hufungwa kwa siku chache tu. Lakini historia yake haijulikani, na nambari yake si ile iliyoandikwa katika stakabadhi za gari, hivyo lazima mabadiliko hayo yasajiliwe. Kwa maoni yangu, ikiwa bloku ya injini yako haijapasuka, ni heri kuifufua hiyo unayoijua.

Pesa za kwanza zitumike katika kupima. Kabla ya boliti yoyote kufunguliwa, fundi apime mbano wa hewa katika kila silinda. Silinda moja ikiwa dhaifu kuliko nyingine, kisha mbano ukapanda baada ya kutiwa oili kidogo, ringi za pistoni zimechakaa. Usipopanda, shaka huelekea kwenye valvu au gasketi ya hedi. Kipimo hiki huchukua muda mfupi, nacho chaweza kuokoa bei ya turbo nzima.

Injini ikishafunguliwa, usibane matumizi kwenye beringi, ringi, gasketi wala pampu ya oili. Hedi ipelekwe kwa mwenye mashine ikaguliwe kama imepinda. Silinda zisipanuliwe kwa mazoea. Zipimwe kwanza, kwani pistoni kubwa zaidi ni gharama ambayo huenda haihitajiki. Kunao uzi mwembamba wa plastiki ambao hubanwa kati ya beringi na krenki, na upana wake baada ya kubanwa huonyesha nafasi iliyobaki. Ni wa bei nafuu mno, ingawa mafundi wengi wangali wakikisia kwa vidole.

Turbo yenyewe yaweza kukarabatiwa kwa beringi na sili mpya, iwapo mapanga ya feni hayajagusa ukuta. Baada ya hapo sharti isawazishwe kwa mashine. Mabomba ya hewa na kipozeo chake yaoshwe, maana chembe moja ya chuma iliyosalia humo yatosha kuharibu kazi yote.

Kuna mtego mwingine. Magari kadhaa ya turbo yaliyoundwa kwa soko la Japani yalikusudiwa petroli ya oktani ya juu. Yakinyweshwa petroli hafifu na kuongezewa msukumo wa turbo, mafuta hulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Vijana wanaotamani mngurumo wa magari ya Safari Rally, ambayo tangu 2021 huvumisha vumbi la Naivasha, ndio huangukia humo zaidi.

Siku ya kuwasha, oili ijazwe pia katika turbo, kisha injini izungushwe bila kuwaka hadi taa ya oili izimike. Oili hiyo ya kwanza imwagwe baada ya kilomita mia chache na kichujio kikatwe ili kutazama kama kuna unga wa chuma. Hadi hapo, mlima wa Timboroa usubiri.