Dhahabu, mwalo na mtoto asiye na pa kuachwa

Nyarugusu na Rwamagasa, mkoani Geita, wanawake wengi wa machimboni hawashuki duarani, yaani shimoni. Kazi yao iko juu: kuponda mawe, kuosha mchanga mwaloni, kupika chakula cha wachimbaji. Mtoto mchanga yuko mgongoni. Anayetambaa ameketishwa kivulini, jirani na karasha, mashine ya kusaga mawe, linalotimua vumbi. Aliyeanza kukimbia yuko na dada yake, binti ambaye leo hakwenda shule.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, yakiwemo ya Geita na Kahama. Jambo moja lililosisitizwa humo ni zebaki. Ikichomwa ili dhahabu ibaki peke yake, mvuke wake huvutwa na kila aliye karibu, na mtoto ambaye ubongo wake bado unajengeka ndiye anayeumia zaidi.

Serikali haikukaa bure. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa. Mkoa wa Shinyanga, iliko Kahama, ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa elimu wa EQUIP-Tanzania, ambao ulichukua vijana wa vijijini wakawaandaa kwa shule watoto waliokuwa wakizungumza Kisukuma tu nyumbani. Nauona kuwa mpango wenye akili: mtoto alipokewa na mtu anayeelewa anachosema. Mwaka 2021, fedha za kukabili athari za UVIKO-19 zikajenga madarasa 3,000 ya shule shikizi, yaani matawi ya shule yaliyo karibu na makazi, nchini, na safari ya miguu midogo ikapungua.

Lakini darasa la awali humpokea mtoto akikaribia miaka mitano, na humrudisha nyumbani kabla mama hajatoka mwaloni. Je, miaka ile minne ya mwanzo? Je, mchana?

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaruhusu vituo vya kulelea watoto mchana, visajiliwe kupitia Ustawi wa Jamii. Kwenye karatasi tumekamilika. Ila kituo kinadai jengo, choo, maji na mlezi aliyefunzwa, na hayo mama anayelipwa kwa ndoo za mawe hawezi kuyagharamia kwa ada yake.

Fedha zipo karibu naye. Halmashauri za ukanda huu hupokea ushuru wa huduma kutoka migodi mikubwa, na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 mwenye leseni hupanga pamoja na halmashauri miradi ya jamii ya kila mwaka. Ipo pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo wanawake wametengewa asilimia nne. Miradi hiyo imezoea madarasa na zahanati, na hatuyakatai. Mwaka huu wa bajeti, madiwani waweke humo kituo kimoja cha malezi kwa kila kata yenye machimbo, mbali na mahali pa kuchomea zebaki, kifunguliwe alfajiri na kufungwa jioni, na mshahara wa walezi ulipwe na halmashauri.