Lincoln Town Car: Fahari ya Kiti cha Nyuma

Wapo wanaodhani kwamba gari la fahari huundwa kwa ajili ya starehe ya yule anayelinunua. Lincoln Town Car, saluni iliyouzwa na kampuni ya Ford kwa jina hilo tangu 1981 hadi 2011, inatulazimu kulitazama upya jambo hilo.

Urefu wake ulizidi mita 5.4. Bodi yake iliketishwa juu ya fremu ya chuma iliyo mbali nayo, mithili ya lori, hata baada ya saluni nyingi kuuacha mtindo huo. Kuanzia modeli ya 1991 lilitiwa injini ya V8 ya lita 4.6. Magurudumu ya nyuma yalikuwa na springi za hewa zilizojirekebisha mzigo ulipoongezeka, hivi kwamba masanduku manne ya msafiri hayakuliinamisha. Aliyeketi nyuma alinyoosha miguu, akasoma gazeti lake, wala asihisi shimo. Wapenzi wa kasi walilikejeli kwamba hunepa kama jahazi penye kona. Kejeli yao haikukosa ukweli, lakini walikuwa wakilipima kwa mizani ya dereva, ilhali gari hili liliundwa kwa mizani ya abiria.

Dereva naye? Katika jiji la New York, ambako magari haya meusi yaliwabeba mawakili na wenye mabenki, madereva wengi walikuwa wahamiaji walionunua gari kwa fedha zao na kujaza petroli kwa fedha zao. Mjini lilikwenda kilomita 7 hivi kwa lita. Basi bei ya petroli ilipopanda, gharama ya utulivu wa kiti cha nyuma ilitoka katika mfuko wa aliyeketi mbele. Mbona basi wakalipenda? Kwa sababu fremu ile iliyodharauliwa ilistahimili safari nyingi, na sehemu nyingi za mitambo zilikuwa zile zile za Ford Crown Victoria, gari la polisi na teksi, kwa hiyo fundi hakupata taabu ya kuzitafuta.

La mwisho lilitoka katika kiwanda cha St. Thomas, Ontario, nchini Kanada, Agosti 2011. Mwezi uliofuata kiwanda chenyewe kikafungwa, na wafanyakazi wakaenda zao. Huko New York madereva waliendelea kuyatengeneza magari yao kwa miaka kadhaa.